Usaili wa mchezo wa Kima na Papa: ujiandae vipi, na sisi mezani tunatazama nini

Kila tukibandika tangazo la usaili wa mchezo wa Kima na Papa, maswali ninayokutana nayo dukani na kwenye daladala ni yale yale. Lazima niwe nimeshaigiza? Mwanangu ana haya, nimlete? Nihifadhi mistari yote? Nije na mkia? Nimeona niyajibu hapa kwa kirefu, kwa ajili ya yeyote wa mjini au shamba anayetaka kuigiza hadithi ya watoto na kikundi cha mtaani, kiwe chetu cha hapa Unguja au cha kwingine.

Nianze kwa kusema mimi nakaa wapi. Mwongozaji yuko mezani na daftari lake, fundi wa nyimbo yuko pembeni na ngoma yake. Mimi ni msomaji wa upande wa pili. Ukija kusoma Kima, Papa ni mimi. Ukija kusoma Papa, mimi ndiye Kima niliye mgongoni mwako. Ukija kusoma Punda, mimi ndiye Sungura niliyeleta posa. Hakuna mtu ukumbini aliye karibu nawe kama mimi. Naona macho yako yanakwenda wapi ninapozungumza, naona kama umenisikia au unangoja tu nimalize ili useme yako. Hilo linaamua kuliko sauti nzuri na kuliko uzoefu: tunamtaka mtu anayesikia anachoambiwa. Kupaza sauti, kutembea jukwaani, kuhifadhi, hayo tutafundishana mazoezini.

Isome hadithi nzima kwanza

Wengi tumeisikia kwa bibi zetu. Edward Steere, mmisheni wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu hapa Unguja, aliichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa hapa, na humo imeitwa kisa cha punda wa dobi. Asili yake ni ya mbali zaidi. Katika Kalila na Dimna, kitabu kilichotiwa Kiarabu katika karne ya 8 kutokana na visa vya Kihindi, wamo kima na kasa, na yumo punda aliyeliwa na simba. Ilipofika pwani yetu kasa akawa papa na mbweha akawa sungura.

Wanaokuja kwenye usaili wengi wanaijua nusu ya mwanzo tu. Kima anakula kuyu juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia rafiki yake Papa aliye chini. Siku nyingi zinapita hivyo. Papa anamwambia, umenifadhili sana, twende kwetu nikulipe fadhila zako, panda mgongoni. Wakiwa kati ya bahari Papa anasema kweli: Sultani wetu hawezi, anaumwa, na dawa aliyoambiwa ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba kima hawatembei na mioyo yao, huiacha mtini. Papa anageuka, anamrudisha, Kima anapanda juu, na hapo mtu husema hadithi imekwisha.

Haijaisha. Kima akiwa juu ya mti ananyamaza. Papa anamwita, kimya. Anamwita tena: twende zetu. Kima anamuuliza, umenifanya mimi punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio? Papa anataka kujua huyo punda wa dobi ni nani, na Kima anamsimulia: Simba aliyetaka nyama, Sungura aliyekwenda kwa Punda na posa ya uongo, Punda aliyeponea chupuchupu mara ya kwanza akarudi mara ya pili na kuuawa. Simba akaagiza awekewe moyo na masikio. Sungura akavila yeye, na alipoulizwa akasema punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo asingerudi hapa.

Kwa hiyo katika mchezo wetu kuna hadithi ndani ya hadithi, na nafasi ni nyingi kuliko mtu anavyodhani: Kima, Papa, Simba, Sungura, Punda, Dobi, Sultani wa baharini na waganga wake, Msimulizi, halafu kundi la mawimbi na samaki ambalo halitoki jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyeisoma hadithi yote hujua kwamba Sungura ana mistari mitamu kuliko ya Simba. Asiyeisoma huja akaomba Simba kwa sababu ya jina.

Ukurasa wa bahari

Tunatoa ukurasa mmoja wa mswada siku kadhaa kabla ya usaili, na mara nyingi ni huo wa kati ya bahari. Nakala zinakuwa dukani, na picha yake inatumwa kwa simu. Uchukue mapema. Usihifadhi. Usome mpaka macho yako yaweze kuondoka kwenye karatasi na kurudi bila kupotea, basi. Aliyehifadhi neno kwa neno akisahau moja hupotelewa na yote, na hapo hofu inamla.

Usome na mtu. Shangazi, jirani, mdogo wako, yeyote anayejua kusoma. Ukisoma peke yako utazoea kujijibu mwenyewe, na siku ya usaili utanijibu kabla sijasema.

Nitaueleza mstari mmoja tu kwa undani, kwa kuwa ndio nimeusikia ukisomwa na watu wengi kuliko wote. Papa anasema: “Sultani wetu hawezi. Waganga wamesema dawa yake ni moyo wa kima.” Mstari unaofuata ni wa Kima: “Ah, rafiki yangu! Mbona hukuniambia tangu kule mtini?” Katika karatasi mistari hii miwili imekaa bega kwa bega, hakuna nafasi kati yake. Msomaji wa haraka akisikia “kima” tu, keshafika “Ah, rafiki yangu!” kwa uchangamfu ule ule aliokuwa nao alipokuwa anasifu upepo wa bahari.

Sasa tazama kilichotokea hapo. Kima hajui kuogelea. Pande zote ni maji. Aliyembeba ndiye anayetaka kumuua, na akiruka atakufa vile vile. Kwanza anasikia neno “moyo”. Kisha anaelewa kuwa ni wake. Kisha anatafuta uongo, anaupata, na anausema kwa upole hata Papa anajiona yeye ndiye mkosa aliyewasumbua wote wawili kwa kutosema mapema. Mambo manne katika pumzi mbili. Huna haja ya kutumbua macho wala kushika kifua. Ninachohitaji mimi niliye mbele yako ni kukuona umesikia, umekaa nalo kidogo, halafu umeamua kutabasamu. Ukinipa hayo, watoto walio nyuma kabisa ya ukumbi watashika pumzi pamoja nawe.

Alikuja msichana mmoja wa darasa la sita, sauti yake ndogo, mwili wake mwembamba. Tulimkalisha kwenye benchi la skuli tukamwambia hilo ndilo mgongo wa Papa. Niliposema “moyo wa kima” uso wake haukubadilika hata kidogo. Vidole vyake tu vilikaza ukingo wa benchi, polepole, kimoja baada ya kingine, mpaka kucha zikageuka nyeupe. Ndipo akasema, “Ah, rafiki yangu,” laini kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mwongozaji aliacha kuandika. Sauti yake tuliifanyia kazi baadaye, na ilikua.

Papa naye

Kila msimu huja watu wa kusoma Papa wakikoroma na kuonyesha meno. Watoto watacheka, nakubali, lakini ukikoroma tangu mwanzo umetuibia mchezo. Huyu amekula kuyu za rafiki yake kwa miezi. Sultani wake amemtuma. Na angeweza kunyamaza mpaka nyumbani kwao, dawa ikapatikana bila maneno mengi. Lakini njiani amesema. Kwa nini amesema? Kabla hujaja, uwe na jibu lako. Wapo waliokuja na jibu la aibu: Papa hawezi kumtazama aliyembeba. Wapo waliokuja na jibu la ujinga wa mtu mnyoofu, anayedhani rafiki yake atafurahi kumsaidia Sultani. Yote mawili yanafaa, na kila moja linazaa Papa wake. Asiye na jibu ndiye anayekimbilia meno.

Punda vile vile. Ni jike, ameletewa posa ya Simba, amefika akarukiwa, akapigana, akakimbia. Halafu anarudi. Wanaomsoma kwa kumfanya zuzu tangu mstari wa kwanza hawatuachii chochote cha kuhuzunikia. Mama mmoja muuza mbatata wa sokoni alimsoma mara ya pili kwa kujitengeneza ushungi kwanza, kwa sababu Sungura alikuwa amemwambia kwamba Simba bado anamngoja. Alitaka kupendeza. Ukumbi mzima ulinyamaza. Hatukumuuliza tena jambo lolote.

Mwili wa mnyama

Tutakuomba utembee. Usije na mkia wala masikio ya kadi. Maleba tunashona sisi. Njoo na mwili uliotazama.

Kama unataka Kima, panda daladala ya Makunduchi au Jambiani ushuke kwenye msitu wa Jozani. Kima punju wa pale, ambao kwa asili hawapatikani popote duniani isipokuwa Unguja, wamezoea watu na utawaona vizuri bila kuwasogelea wala kuwapa chakula. Tazama mikono yao. Kidole gumba hawana, kimebaki kinundu tu. Tawi hulikamata kwa vidole vinne vilivyopinda, hawalifumbati kama sisi. Mtu akija kwenye usaili akashika benchi kwa vidole vinne bila gumba, tunajua alikwenda kutazama. Wazee wetu wa pale watakwambia punju hula majani zaidi na matunda mabichi, na ni kweli, tumbo lake haliyawezi matunda matamu yaliyoiva. Kwa hiyo Kima wa hadithi, mla kuyu, huenda ni yule kima mwingine wa kijivu ambaye naye yupo Jozani. Mimi sioni tabu. Chukua mkono wa huyu na ulafi wa yule.

Kwa Papa nenda soko la samaki la Malindi, hapa mjini Unguja, asubuhi, wakati samaki wanashushwa. Tazama mkia kabla hajakatwa: umesimama wima. Ndiyo maana papa huogelea kwa kupinda mwili kulia na kushoto. Pomboo mkia wake umelala, naye huogelea kwa kupanda na kushuka. Wengi mnaokuja mnainuka na kuinama, mnatuletea pomboo. Papa pia hana shingo ya kugeuza. Akitaka kukutazama hugeuka mzima. Jaribu kuzungumza na mtu aliye mgongoni mwako bila kugeuza shingo, utaona mwenyewe jinsi mstari ule wa Sultani unavyobadilika.

Punda wako barabarani wanavuta magari ya mchanga na kuni. Simama utazame masikio yao yanavyokwenda, moja mbele, moja nyuma. Basi.

Sauti na wimbo

Ukumbi tunaotumia una paa la bati na mapangaboi yanayolia. Mvua ikija hatusikiani kabisa, tunasimama tunangoja. Lakini shida kubwa ya sauti huwa haiko kwenye ukubwa wake. Iko mwishoni mwa neno. Kiswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mtu mwenye hofu huiacha ya mwisho ikafia kooni. Sasa sikiliza: “Moyo wangu nimeuacha mti...” Umeuachaje mti? Hadithi nzima imekaa kwenye lile “ni” la “mtini”. Vivyo hivyo baharini, mgongoni, nyumbani. Soma ukurasa wako ukizitamka silabi za mwisho zote kwa ukamilifu, polepole, hata ukijiona unasoma khutba. Ukirudi kwenye mwendo wako wa kawaida zitabaki.

Wimbo wowote mfupi unatosha, wa harusi, wa skuli, wa kubembelezea mtoto. Chagua ulio ndani ya sauti yako, usituletee unaopanda mpaka unakukimbia. Usije na muziki wa kwenye simu. Mpigaji wetu atakutafuta ulipo na atakufuata. Mdundo ukikupotea, piga makofi, sikiliza, uingie tena. Kuingia tena ndiko tunakokupa alama.

Anayetaka Msimulizi ataombwa aanze hadithi kama zinavyoanza: “Paukwa!” Na hapa nawasihi jambo moja. Ngoja “Pakawa” irudi. Ukumbini tupo watu watatu au wanne tu mezani, lakini tutakuitikia. Wapo wanaosema Paukwa na hapo hapo wanaendelea na hadithi, jibu letu linagongana na maneno yao. Paukwa ni swali kwa waliopo: mko tayari? Ukiitikiwa kwa uvivu, iite tena, kwa uso mwingine. Msimulizi anayejua kungoja anaweza kutuliza ukumbi wa watoto mia waliojaa sukari ya Sikukuu, na hiyo ndiyo kazi yake hasa.

Vikundi vingine huomba pia kipande chako mwenyewe cha dakika moja hivi. Nakushauri usichukue maneno ya filamu. Tutakuona unamwigiza mwigizaji. Chukua kisa alichokuwa akikusimulia mtu wa kwenu, ukisimulie kwa mtu mmoja aliye mbele yako.

Fomu, nguo, na mambo ya siku yenyewe

Fomu ni fupi lakini sehemu moja nataka uijaze kwa makini: siku usizoweza. Watu huiacha wazi wakidhani tutawapenda zaidi. Sisi tunafanya mazoezi baada ya alasiri, tunavunja kwa magharibi. Kama mwanao ana mkondo wa mchana skuli, andika. Kama anakwenda chuoni kusoma Kurani saa hizo, andika, chuo hatukigusi. Kama wewe ni mvuvi, au unalima mwani na siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, uko pwani, andika vile vile. Ratiba tunaweza kuipanga kwa kalenda ya mwezi tukijua mapema. Tusipojua, wiki ya mwisho Papa hayupo na watoto ishirini wa mawimbi wanatazamana.

Njoo na nguo unayoweza kuchutama na kulala chini. Dada zangu, vaeni suruali au shumizi ndefu ndani ya baibui, na mtandio ubanwe kwa pini, kwa maana Kima anaruka. Kanga moja ya kufunga kiunoni inasaidia. Viatu vya kufunga au miguu mitupu. Leta maji, leta penseli, na kama unasoma kwa miwani leta miwani. Nimewaona wazee wenye vipaji vikubwa wakisoma karatasi kwa mkono ulionyooshwa mpaka mwisho, macho hayapati nafasi ya kunitazama hata mara moja.

Asiyejua kusoma, au anayesoma kwa shida, asibaki nyumbani. Niambie tu ukifika, kwa sauti ya chini ukipenda. Nitakutamkia mistari, utaishika kwa sikio, na mswada tutakurekodia kwenye simu. Hadithi hizi zilikuja kwetu kwa mdomo miaka mingi kabla hazijatiwa kitabuni.

Usaili ni bure. Hakuna nafasi inayouzwa, hakuna mtu wa kupitia. Na hili nalisema kwa uzito wote: hakuna usaili wa mtoto peke yake chumbani, wala usaili wa jioni nyumbani kwa mtu. Katika kikundi chetu watu wazima hawapungui wawili ukumbini, mlango uko wazi, na mtoto hasomewi mpaka mzazi au mlezi wake ametia saini fomu. Kikundi kingine kikikupangia vinginevyo, mchukue mwanao urudi naye.

Ukiwa na mtoto

Mlete ameshiba na amelala. Mwambie hadithi, msimulie kwa sauti zako mwenyewe, mchekeshe. Usimfundishe jinsi ya kusema kila neno. Mtoto aliyefundishwa na mama yake hunitazama mimi lakini anaongea na mama aliye mlangoni, na nikibadilisha mwendo kidogo tu, anakwama. Ndiyo maana tunawaomba wazazi wakae nje, chini ya mwembe. Tunajua inauma.

Mtoto mwenye haya ni wa kuletwa. Wadogo hatuwasomeshi mmoja mmoja. Tunawaita kumi kumi, tunawapa shuka refu la buluu washike pande zote, na tunawaambia: hii ni bahari, imelala. Sasa upepo unakuja kutoka mlangoni. Hapo tunatazama nani anafuata mkono wa mwenzake, nani anavuta peke yake, nani anaona kwamba wimbi limekatika upande ule na kuliendeleza. Ambaye hakusema neno tangu aingie ndiye mara nyingi anayeishika bahari vizuri. Mwacheni akue ndani yake, mistari itamjia msimu mwingine.

Ukiambiwa rudia

Mwongozaji akikwambia “soma tena, sasa kama Papa amelala na hutaki kumwamsha”, watu wengi huingia baridi wakidhani wamekosea. Furahi. Ambaye hatumfikirii tunamshukuru na kumuaga kwa heshima. Kurudia maana yake tunataka kuona kama unabadilika. Basi badilika kweli, hata ukiona jambo lenyewe halina maana. Nong'ona. Sogea kwenye sikio langu. Ukirudia kama ulivyosoma mwanzo, ukiongeza sauti tu, umetuambia kwamba mazoezi ya miezi miwili yatakuwa ya kubishana.

Ukishaitwa tena siku ya pili, utasoma na wenzako na mimi nitakaa pembeni. Hapo tunawabadilisha: Kima huyu na Papa yule, kisha Papa mwingine. Mtu asiyetumia nafasi hiyo kumfunika mwenzake ndiye anayeng'ara. Nimemwona kijana aliyempa mwenzake mstari aliousahau, kwa kuugeuza kuwa swali: “Eti moyo wako uko wapi, rafiki yangu?” Wote wawili walipata.

Majina tunayabandika mlangoni na kuyatuma kwa simu jioni ya pili yake. Ukipata wimbi ulipoomba Kima, kumbuka kwamba bahari iko jukwaani wakati wote na Kima anatoka mara mbili. Lakini kama moyo wako haukubali, ni haki yako kukataa. Tuambie jioni hiyo hiyo, kwa maneno mawili tu, usitukimbie siku ya mazoezi ya kwanza. Tuna orodha ya pili, na yupo mtu nyumbani kwake anaitazama simu.

Na aliyekosa kabisa, kama bado anataka kuwa nasi, aje Jumamosi inayofuata na mkasi wake au sindano yake. Mkuyu haujakatwa, mapezi ya Papa yanashonwa kwa mkono, na anahitajika mtu wa kukaa nyuma ya pazia na mswada mkononi, awakumbushe watu mistari.